Satelaiti iliyoitwa Uhuru, na mashimo meusi yanayopepesa

Kuna jambo kubwa la sayansi lilianzia kwenye pwani yetu hii hii, lakini vijiweni halizungumzwi kabisa. Leo tulipe nafasi.

Ukiambaa na bahari kutoka Bagamoyo kwenda kaskazini, ukapita Saadani, Pangani, Tanga na Mombasa, unafika Malindi. Mbele kidogo kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Ngomeni. Hapo baharini Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma, San Marco, na kuanzia 1967 wakawa wanarushia maroketi. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo satelaiti ya NASA. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, basi satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei za angani.

Eksirei ni zile zile za hospitali. Za kutoka angani hazifiki ardhini kwa sababu hewa inazimeza zote, hata ukipanda juu ya Kilimanjaro huzipati. Lazima utoke nje ya hewa. Na kwa nini huku kwetu? Karibu na ikweta mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure, halafu satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazovuruga vipimo.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vingi ni nyota za galaksi yetu wenyewe. Lakini baadhi vilikuwa mbali mno: viini vya galaksi nyingine, kama NGC 4151 na 3C 273. Hiyo ya pili, mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2 kutufikia! Mwaka 1974 Waingereza nao wakaja San Marco kurusha Ariel 5, ikaonyesha kwamba viini hai vya aina hii kutoa eksirei ni kawaida yao.

Sasa utamu uko hapa. Eksirei hizo hazitulii, zinapanda na kushuka. Satelaiti ya Ulaya, EXOSAT, iliyorushwa 1983, iliona baadhi ya viini vikibadilika ndani ya saa chache tu. Hilo lina maana gani?

Fikiria msururu wa watu wenye tochi kutoka Fukayosi hadi Bagamoyo mjini. Amri ya kuzima inapitishwa kwa mdomo, mtu kwa mtu. Haiwezekani wote wazime kwa sekunde moja, amri lazima isafiri. Kadiri msururu ulivyo mrefu, ndivyo giza linavyochelewa kukamilika. Angani hakuna amri inayosafiri kuliko mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kitu kinachobadilika ndani ya saa 1 hakiwezi kuzidi sana kilomita bilioni 1 hivi. Huo ni umbali wa kutoka kwenye Jua na kuipita sayari ya Mshtarii, bila kuifikia Zohali.

Yaani eneo dogo kama hilo linaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi nzima! Si mchezo. Jibu la wanasayansi ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua. Gesi inalizunguka ikivutwa ndani, inasuguana, inapata joto kali. Karibu kabisa na shimo kuna wingu la chembe zenye joto la ajabu, na humo ndimo eksirei nyingi zinatoka. Wingu likitikisika, eksirei zinapepesa.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na Malindi haikuishia hapo. Roketi ya mwisho San Marco ilirushwa 1988, lakini kituo cha nchi kavu kikaendelea kupokea mawimbi ya satelaiti. Swift (2004) na NuSTAR (2012), zote za eksirei, zilipangiwa kushusha data zao hapo hapo Malindi.

Hapa ndipo pananiuma. Tumekuwa kama bandari: mzigo unashuka kwetu, unasafirishwa, unafunguliwa kwingine. Jina lilikuwa letu, lakini wasomaji wa hizo data ni wangapi huku? Na data zenyewe siyo siri, NASA inaziweka kwenye intaneti bure, huombi ruhusa ya mtu. Kijana anayejua hesabu na programu kidogo anaweza kuzishusha kwenye kafe hiyo hiyo unayosomea sasa, akachora mwenyewe jinsi shimo jeusi linavyopepesa.

Je, shuleni kwenu mliwahi kuambiwa habari za satelaiti ya Uhuru? Tuambizane hapo chini. Nawasilisha.