Bweranyange: Baraza la Mfalme Rumanyika na Milima Iliyolizunguka

Msafiri atokaye Bukoba kuelekea Karagwe, afikapo Kyaka huliacha upande wa kaskazini daraja la Mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yaliliharibu mwaka 1978, akashika njia ya magharibi inayopanda milima kwa kuzungukazunguka, migomba na mibuni ikiwa imesimama kando ya kila ua, hata atokee Omurushaka na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Wengi hupumzika hapo, wakala ndizi na maharage, kisha wakaendelea na safari zao za biashara wala wasidhani kwamba karibu nao kuna mahali ambapo habari za nusu ya bara hili zilikuwa zikisimuliwa na kuhifadhiwa. Mahali hapo ni Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa ukoo wa Wahinda, waliotawala Karagwe kwa karne nyingi wakiitwa Bakama.

Atakayekwenda akitazamia kuona kuta na minara kama ya Kilwa Kisiwani, yampasa ajue mapema kwamba hataviona, kwa maana wafalme wa nchi hii walijenga kwa miti na nyasi, na nyumba za namna hiyo haziishi umri mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Juu ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliangamiza ng'ombe wa nchi hizi za maziwa, na ng'ombe ndio waliokuwa mali na heshima ya dola. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani. Lakini mlima wa Bweranyange upo, mandhari yapo, na wazee wa Kinyambo, wenyeji wa nchi hii, wawezao kueleza jina hili na lile la bonde wangalipo.

Aliyeifanya Bweranyange ijulikane mbali ni Mfalme Rumanyika, mwana wa Ndagara. Baba yake alipofariki palitokea ugomvi wa urithi baina ya ndugu, na Rumanyika mwenyewe alimsimulia msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, kwamba ngoma ndogo iliyotiwa dawa iliwekwa mbele yao, ikawashinda wenzake uzito, naye akaiinua kwa kidole kidogo. Hata hivyo nduguye Rogero hakuridhika, na vita vilidumu mpaka Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Tabora, alipomsaidia Rumanyika kwa bunduki. Hapo tunaona jinsi mambo ya pwani na ya bara yalivyokuwa yamekwisha fungamana: biashara ya pembe ilikuwa imeleta misafara mpaka Kafuro, karibu na makao ya mfalme, ambako wafanya biashara Waarabu walikuwa na kituo chao.

Speke na mwenzake James Augustus Grant waliwasili Novemba 1861, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kukaa Bara Hindi, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wao. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke aliusifu sana katika kitabu chake. Aliwaeleza habari za Rwanda na za Unyoro, akapeleka ujumbe kwa Kabaka Mutesa ili ruhusa ya kuingia Buganda ipatikane. Na Januari 1862 Speke alipoondoka, Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki chini ya ulinzi wa mfalme kwa miezi kadhaa. Speke aliposimama Julai 1862 mahali ambapo Nile hutoka katika ziwa kuu, sifa ilimwendea yeye. Lakini insafu yatudai tukumbuke kwamba njia hiyo ilifunguliwa na baraza la Bweranyange.

Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alifika mwaka 1876, naye akaonyeshwa hazina ya mfalme, yenye mikuki, bata wa shaba na sanamu za ng'ombe za shaba nyekundu. Katika ziwa dogo lililo chini ya mlima, ambalo Grant alikuwa amelifananisha na Windermere ya Uingereza, mashua ya Stanley ilishindana na mitumbwi ya Wanyambo, mfalme akitazama kwa furaha.

Kutoka Bweranyange mgeni wa leo na aelekee Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopewa jina la mfalme huyo na kupandishwa daraja mwaka 2019 kutoka pori la akiba. Ni hifadhi ya milima na mabonde yenye misitu, ambayo haijazoea wageni wengi, kwa hiyo yafaa kutaka shauri la maofisa wake kabla ya kuondoka, na kuchagua kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti. Katika Wilaya ya Kyerwa, iliyogawanywa kutoka Karagwe, iko Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 2019, ambapo Mto Kagera hupinda ukielekea mashariki huku ukiwa mpaka wa Tanzania na majirani zake Rwanda na Uganda. Vilevile mgeni asipite Kyerwa bila kufika Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto ndani ya bonde la miti mikubwa. Stanley aliwakuta hapo wagonjwa waliotoka mbali kutafuta siha, na hata leo watu huja kuoga kwa nia hiyohiyo.

Basi aendaye Bweranyange na aingie kwa adabu ya mgeni aingiaye barazani: atoe salamu, awatake wazee ruhusa, aulize, kisha asikilize zaidi kuliko anavyosema. Nasi tulio wenyeji wa nchi tuna wajibu wetu. Mahali hapa pastahili kibao chenye maelezo, vijana waliofunzwa kuongoza wageni, na simulizi za wazee ziandikwe maadamu wangali hai. Na walimu wa Karagwe na Kyerwa, wanaowafundisha watoto safari za Speke na Stanley, wawapeleke juu ya mlima huu, ili wajue kwamba katika habari hiyo babu zao walikuwa ndio wenyeji, waliokuwa na ilimu ambayo wageni waliifuata kutoka mbali.