Chuma, Chokaa na Kina cha Bahari

Bahari humeza kila mwaka takriban robo ya hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, inayotolewa na viwanda, magari na shughuli nyingine za binadamu, na lau isingekuwa hivyo, joto la dunia lingekuwa kali zaidi ya lilivyo sasa. Kazi hiyo ina gharama yake, kwa kuwa hewa hiyo ikiyeyuka majini hufanya asidi, na tangu enzi ya viwanda ianze asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa takriban asilimia 30, hali inayowatesa matumbawe na viumbe wenye magamba ya chokaa. Hata hivyo hazina ya bahari ni kubwa mno: ina kaboni takriban mara 50 ya ile iliyomo angani, na ndiyo maana wapo wanasayansi wanaouliza kama inaweza kusaidiwa kupokea zaidi bila kudhurika.

Njia iliyotangulia kujaribiwa baharini ni ya kuyarutubisha maji kwa chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Martin, mtaalamu wa bahari wa Marekani, alishikilia kwamba maji yanayoizunguka Antaktika yana virutubisho tele lakini mimea yake ni haba kwa kukosa chuma, ambacho kwingineko huletwa na vumbi la jangwani. Martin alifariki mwaka 1993, na majaribio yaliyofanywa katika Pasifiki mwaka huo na mwaka 1995 yalimthibitisha, kwani maji yaliyotiwa chuma yalistawisha fitoplanktoni, yaani vijimea vinavyoelea, ambavyo hujilisha kwa mwanga wa jua na ukaa kama ifanyavyo mimea ya nchi kavu.

Lakini bahari kugeuka kijani si sawa na ukaa kuhifadhiwa. Kijimea kikiliwa au kuoza karibu na uso wa maji, ukaa wake hurudi hewani baada ya muda mfupi, na ni ule tu unaozama mita 1,000 na zaidi ndio unaotarajiwa kukaa huko kwa karne moja au zaidi. Tofauti hiyo ilidhihirishwa na majaribio mawili yaliyofanywa na meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, katika Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Katika jaribio la mwaka 2004 walisitawi diatomu, vijimea vya seli moja vinavyojijengea kasha la silika, madini yaleyale yanayotengenezewa kioo, lenye vitundu vilivyojipanga kama nakshi ya mlango. Walipokufa waligandamana kwa ute wao, wakawa mabonge, na angalau nusu yao wakazama kupita mita 1,000. Mwaka 2009, katika jaribio lililofanywa pamoja na wanasayansi wa India, silika ilikuwa imekwisha kutumika majini, hivyo diatomu hawakuweza kusitawi. Viliota vijimea laini visivyo na kasha, vikaliwa na vijidudu vya jamii ya kamba, na hao nao wakaliwa na wakubwa wao, hata ukaa uliozama ukawa kidogo sana. Chuma kilekile, matokeo mbalimbali.

Tena virutubisho vinavyotumika mahali pamoja havitafika kule mkondo ulikokuwa ukivipeleka, na samaki wa huko ndio watakaopungukiwa. Kwa hiyo, baada ya takriban tani 100 za vumbi lenye chuma kumwagwa nje ya pwani ya magharibi ya Kanada mwaka 2012 na kuzua lawama nyingi, nchi wanachama wa Itifaki ya London, inayodhibiti utupaji wa taka baharini, zilipitisha mwaka 2013 marekebisho ya kuruhusu kazi hiyo kwa utafiti wa kweli tu.

Njia ya pili haitegemei kiumbe hai. Maji yakiongezwa alikali, kwa mfano chokaa au mawe yaliyosagwa, asidi hupungua na hewa ya ukaa iliyoyeyuka hugeuka kuwa bikaboneti, chumvi iliyo ndugu wa magadi, inayoweza kudumu majini kwa maelfu ya miaka. Nafasi iliyoachwa hujazwa na ukaa mwingine kutoka hewani. Tatizo lake wanalifahamu hata watu wa pwani waliochoma matumbawe kwenye tanuu ili kupata chokaa ya kujengea: jiwe likiungua hutoa ukaa uliokuwa ndani yake, na ukaa huo ni zaidi ya nusu ya ule ambao chokaa itauvuta baadaye baharini, mbali na moshi wa kuni. Bila kuunasa ukaa hapohapo kwenye tanuu, faida inayobaki ni ndogo.

Kisha maji yaliyotiwa alikali huhitaji miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, yakigusana na hewa ndipo yavute ukaa wote yanayoweza, na yakizama kabla ya hapo kazi hubaki nusu. Wakati huo mkondo umeshayatawanya mbali, na badiliko lenyewe ni dogo kuliko yale ya kawaida ya misimu, kiasi kwamba chupa ya maji haiwezi kulionyesha. Kwa hiyo tani ya ukaa ambayo wanaotaka kufidia ukaa wanaoutoa huuziwa kuwa imeondolewa hewani kwa njia hii ni makadirio ya kompyuta kwa sehemu kubwa, na mnunuzi anastahili kuelezwa hivyo kabla hajalipa.