Moyo Wako Hufanya Nini Ukikimbia?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kengele ya bweni imelia, kiranja anapita akigonga vitanda, na wewe unapapasa gizani kutafuta raba ya mguu wa kushoto. Baada ya dakika kumi mpo barabarani, mistari miwili, kiongozi anaimba na ninyi mnaitikia. Mchakamchaka! Wapo wanaoupenda, na wapo wanaojificha chooni mpaka wenzao warudi (usicheke, unawajua). Lakini je, umewahi kujiuliza kifuani mwako kunatokea nini wakati huo?

Hebu liweke gazeti hili mezani kidogo. Geuza mkono wako wa kushoto, kiganja kitazame juu. Chukua kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa kulia, viweke kwenye kifundo cha mkono pale kiganja kinapoishia, upande wa kidole gumba. Kidole gumba chenyewe usikitumie kupimia, maana nacho kina mpigo wake, utachanganyikiwa. Bonyeza taratibu. Umeusikia? Sasa tazama saa, hesabu mapigo kwa sekunde 30, halafu zidisha mara mbili.

Kwa kijana aliyetulia, jibu mara nyingi huwa kati ya 60 na 100. Kama umetoka kukimbizana, au umeketi karibu na mtu unayempenda, basi pima tena baadaye. Namba yako iandike nyuma ya daftari. Tutaihitaji.

Debe zima kwa dakika moja

Moyo ni msuli, una ukubwa wa ngumi yako hivi. Ndani una vyumba vinne. Viwili vya kulia hupokea damu iliyozunguka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Viwili vya kushoto huipokea damu hiyo kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu. Damu inapopita hukuta milango midogo, inaitwa vali, ambayo hufunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Ikumbuke milango hii, maana tutairudia.

Ukiwa umekaa, pigo moja la moyo hutoa kama mililita 70 za damu. Hiyo ni chini ya robo ya chupa ya soda, utasema ni kidogo. Haya, zidisha kwa mapigo 70: unapata karibu lita 5 kila dakika. Wewe unayechota maji unalijua debe la lita 20. Basi moyo uliotulia unasukuma robo debe kwa dakika, mchana na usiku, hata ukiwa unakoroma. Na kwa kuwa mwili wa mtu mzima una damu lita 5 hivi, maana yake damu yote inazunguka mara moja kila dakika.

Sasa anza kukimbia. Misuli ya miguu inadai oksijeni. Ubongo unatuma amri kwa njia ya neva, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, na moyo unaongeza kasi: 100, 130, 160. Si kasi tu, kila pigo nalo linatoa damu nyingi kuliko kwanza. Kijana mwenye afya akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake unaweza kufika lita 20 kwa dakika. Debe zima! Na mwanariadha wa kimataifa anaweza kupita lita 35. Nenda bombani ujaribu kujaza karibu madebe mawili kwa dakika moja uone kama inawezekana.

Damu hiyo haigawanywi sawasawa. Ukiwa umepumzika, misuli hupata kama sehemu moja tu kati ya tano. Ukikimbia kwa nguvu hupata sehemu nne kati ya tano, hata na zaidi, na tumbo linapunguziwa mgao wake. Ndiyo maana ukishindilia ugali na maharage halafu ukaenda moja kwa moja uwanjani, unasikia kichefuchefu. Tumbo na miguu vinagombania damu ileile. Subiri kama saa mbili ndipo ucheze.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: miguu inausaidia moyo. Kila ukikanyaga, misuli ya miguu inaikamua mishipa na kuipandisha damu juu. Ukimaliza mbio na kusimama ghafla kama mti, ukamuaji huo unakoma, damu inabaki miguuni, ubongo unakosa mgao na unaona nyota mchana. Ukivuka mstari endelea kutembea dakika tatu au nne. Mwalimu wa michezo anapowapigia kelele kwamba msikae chini, hawaonei.

Mwenye moyo imara hupigwa na mapigo machache

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch huko New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alishika uongozi wa mbio za mita 1500 tangu mwanzo na hakupitwa na mtu hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Watu wakisikia habari kama hiyo hudhani moyo wa mkimbiaji wa namna ile hupiga haraka kuliko ya wengine. Sivyo.

Kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia haiongezwi na mazoezi. Inategemea zaidi umri. Makadirio ya kawaida ni kuchukua 220 na kutoa umri wako. Ukiwa na miaka 16 unapata 204, ingawa watu hutofautiana. Kwa hiyo bingwa na mtu wa kawaida wa umri mmoja, mioyo yao ikifika kikomo, hupiga karibu sawa. Tofauti iko kwenye kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo. Moyo uliozoezwa miezi na miaka hupanuka kidogo vyumbani, kuta zake zinakuwa na nguvu, na hata kiasi cha damu mwilini kinaongezeka. Kila pigo linabeba mzigo mkubwa. Ndiyo maana mkimbiaji aliyebobea akipumzika, moyo wake mara nyingi hupiga kati ya 40 na 60 tu kwa dakika. Hauna haja ya haraka.

Hapa kuna maneno ya mitaani ya kusahihisha. Utasikia: “Usikimbie sana, moyo utatanuka.” Ni kweli kuna ugonjwa wa moyo kutanuka, na ni ugonjwa mbaya, lakini huko moyo hutanuka kwa sababu umechoka na umelegea, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliozeeka. Moyo wa mwanamichezo hukua kama msuli wa mkono wa mhunzi hukua. Ni vitu viwili tofauti, na daktari akipima huweza kuvitofautisha.

Tufanye hesabu nyingine. Tuseme leo namba yako ni 75, na baada ya miezi kadhaa ya mazoezi imeshuka hadi 60. Umepunguza mapigo 15 kwa dakika, ambayo ni 21,600 kwa siku. Utaniuliza, “Mbona nikikimbia moyo unapiga mara nyingi zaidi?” Swali zuri. Ukikimbia nusu saa kwa mapigo 150, umetumia mapigo 2,700 zaidi ya vile ungetumia ukiwa umekaa. Toa hayo, bado umebakiwa na 18,900. Faida hiyo lakini haiwekwi benki. Ukiacha mazoezi wiki chache tu, moyo unaanza kurudi ulikokuwa.

Mazoezi pia huifanya mishipa ibaki laini, huzuia shinikizo la damu kupanda na husaidia mwili kuitumia sukari vizuri. Kwa umri wako huwezi kuona umuhimu wake, maana kiharusi unakihesabu kuwa ni cha babu. Lakini mishipa huanza kuharibika taratibu tangu ujanani, bila maumivu yoyote, na sigara huiharakisha.

Kiasi gani, na kwa nguvu gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowafanya wahemehe. Usishtuke. Si lazima uwanja wala jezi. Kutembea haraka kwenda shule kumo, kulima kumo, kuruka kamba, rede, netiboli, kucheza ngoma na kupanda mlima na ndoo kichwani, vyote vinahesabiwa.

Nguvu yake utaipimaje bila mashine? Rudi kwenye mchakamchaka. Kama unaweza kuongea na jirani yako lakini wimbo mzima unakushinda, moyo unafanya kazi ya wastani. Kama unaweza tu kutoa neno moja au mawili ya kuitikia, hiyo ni kazi kubwa. Na kama unaimba beti zote huku unatazama tazama pembeni, ndugu yangu, unatembea tu.

Dada zetu wengi huambiwa wasifanye mazoezi wakiwa hedhini. Hakuna madhara. Kama tumbo linauma sana pumzika, kama haliumi cheza, na baadhi husema maumivu hupungua. Ila mtu yeyote, mvulana au msichana, akiwa na homa ya malaria au nyingineyo, asikimbie mpaka apone. Moyo tayari una kazi ya kupambana na joto.

Yule anayebaki nyuma

Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akibaki nyuma kila asubuhi. Akifika kona ya kwanza anaanza kutembea, ameshika kifua. Mwalimu wa zamu alimchapa mara kadhaa kwa uvivu, na sisi, naona aibu kuandika hivi, tulimtungia jina la utani. Likizo moja alipelekwa hospitali kwa sababu usiku alishindwa kupumua akilala chali. Vali ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Alirudi na cheti cha kusamehewa mbio na kadi ya sindano za kila mwezi, na baadaye alifanya mtihani wa kidato cha nne pamoja nasi. Mwalimu hakusema kitu. Jina la utani lilikufa lenyewe.

Ugonjwa ule mara nyingi huanza na kitu ambacho hakuna anayekiogopa: maumivu ya koo. Koo nyingi zinazouma hupona zenyewe, lakini baadhi husababishwa na bakteria, na zisipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye mtoto anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na bakteria inaishambulia milango ya moyo. Huwapata zaidi walio kati ya miaka 5 na 15, yaani ninyi na wadogo zenu. Milango ikiwa na makovu haifunguki au haifungi vizuri, damu inarudi nyuma, na moyo unaposukuma debe lake nusu linavuja. Basi koo likiuma pamoja na homa, nenda zahanati, na ukipewa dawa za siku kumi zimalize zote hata kama umepona siku ya tatu. Kununua vidonge vinne dukani si tiba.

Ukijiona unazimia au unahisi kizunguzungu katikati ya mbio, kifua kinauma ukikimbia, moyo unapiga ovyo bila mpangilio, unahema kwa kazi ndogo kuliko wenzako, au miguu inavimba, acha kukimbia na umwambie mwalimu, matroni au mzazi. Vivyo hivyo kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Huenda ni upungufu wa damu tu, ambao minyoo, malaria na hedhi nzito huuleta, na unatibika. Daktari atakusikiliza kifua, na akihitaji picha ya moyo atakuelekeza. Tanzania ina hospitali kubwa ya kazi hiyo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam.

Na kuwa na ugonjwa wa moyo si lazima iwe mwisho wa michezo. Nwankwo Kanu wa Nigeria alikuwa nahodha wa timu iliyotwaa dhahabu ya mpira wa miguu kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Muda mfupi baadaye, alipopimwa na klabu yake mpya ya Inter Milan, vali yake ilikutwa na kasoro. Alifanyiwa upasuaji mwaka huohuo, akarudi uwanjani mwaka uliofuata na kucheza miaka mingi. Mwaka 2000 alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wenye matatizo ya moyo. Lakini ruhusa ya kurudi ilitoka kwa madaktari, hakujipa mwenyewe.

Mtu akianguka uwanjani, haamki na hapumui kawaida, msimwagie maji. Mmoja akimbilie msaada. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, na kubonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mikono yake ndiyo moyo wa yule aliyeanguka kwa dakika hizo.

Sasa lichukue lile daftari. Chora safu tatu. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni mapigo ya asubuhi, ukiwa bado umelala kitandani kabla kiranja hajafika. Ya tatu ni mapigo unayopata dakika moja baada ya kumaliza mchakamchaka. Hiyo inakuonyesha moyo unatulia upesi kiasi gani. Pima kila Jumatatu, siku ileile, kwa wiki kumi. Namba za wiki mbili za kwanza zitapanda na kushuka bila sababu, usizijali. Anza kutazama kuanzia wiki ya nne au ya tano.