Feza ya machimbo imefika Goma: tununue wapi?

Papa yuko Rubaya ama Walikale. Ameuzisha mchanga wake na ametuma feza kwa simu. Huku Goma, mama anatoka kwenye kabine na noti mukononi. Pale pale swali linaanza: aende depo, butike ama soko? Tulizunguka muji kwa ajili ya swali hilo. Tuliona kwamba franka ile ile haina nguvu moja kila mahali.

Depo. Nyingi ziko Birere, karibu na mpaka wa Rwanda. Vitu vingi vinavyopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam vinafikia huko: mchele, sukari, mafuta, sabuni. Depo inauzisha kwa mfuko, kwa karto, kwa bido. Faida yake kwa kila mfuko ni kidogo, lakini inatoa mifuko mingi kwa siku. Bei inasemwa kwa dola, na deni hapana, isipokuwa kwa mfanyabiashara anayejulikana.

Butike ya avenue. Mwenye butike ananunua mfuko ule ule Birere, analipa chukudu ama pikipiki, kisha anaufungua na kuuzisha kwa kilo, kwa glasi, hata mafuta ya kupika mara moja tu. Analipa nyumba, analipa kodi. Yote hayo yanaingia ndani ya bei. Lakini anafungua mapema, anafunga usiku, tena ana kitu ambacho depo haina: kaye ya madeni. "Niandikie, papa akituma nitalipa." Tusimudharau. Siku feza inachelewa, kaye hiyo ndiyo inapikia watoto.

Soko. Virunga, Alanine ama Kahembe, maharagi na unga vinapimwa kwa murongo. Hapa angalia kipimo kabla ya kuuliza bei. Murongo uliojazwa mpaka juu si sawa na ule uliopanguswa kwa mukono, na kuna vipimo vilivyopondwa chini. Ukiwa mteja wa kila siku, mama muuzishaji atakuwekea matabishi. Kule Kituku, mitumbwi inashusha vyakula vya Idjwi na vya upande wa Minova. Anayefika mapema ananunua kabla bei haijapita mikono mingi.

Barabarani. Kuna mama wa beseni kichwani, kuna Kadhafi na bido zake za esanse. Hawalipi nyumba, wanauzisha kidogo kidogo, wanakufikia mpaka mulangoni. Shida ni moja: kitu kikiwa kibaya, kesho utamukuta wapi?

Na kule machimbo? Hapo ndipo feza inapotea zaidi. Chakula kinapanda kwa pikipiki na kwa mugongo, na sehemu za Walikale kilikuwa kinafika hata kwa ndege. Ni haki bei ipande. Lakini mara nyingi mwenye duka ndiye mnunuzi wa mchanga. Anakupa unga, buti na tochi kwa deni, kisha unamulipa kwa mchanga, kwa bei anayoipanga yeye. Basi anapata mara mbili: juu ya unga, na tena juu ya mchanga. Ndugu muchimbaji, kabla ya kuandikwa katika kaye yake, uliza mambo mawili: unga ni bei gani ukilipa feza mukononi, na kilo ya mchanga ataihesabu bei gani. Na wewe uwe na kaye yako.

Tuhesabu kwa mfano tu. Mfuko wa kilo 25 ukiwa dola 20 kwenye depo, kilo moja ni senti 80. Butike ikiuzisha kilo dola 1, mfuko ule ule umekuwa dola 25. Nyumba inayomaliza mifuko miwili kwa mwezi inaacha dola 10 kwenye butike.

Mutasema: nani ana dola 20 mara moja? Ni kweli, na ndiyo sababu masikini ananunua bei kali kuliko tajiri. Lakini wamama wanajua likelemba. Majirani wanne wakichanga dola 5, wanapanda Birere pamoja, wanagawanya mfuko kwa kipimo kimoja mbele ya macho ya wote. Butike ibaki kwa chumvi, kiberiti na siku ya shida. Papa akituma feza, ya mfuko itoke kwanza, mbele ya kitu kingine chochote.