Kijembe Kisigeuzwe Silaha ya Mwenye Nguvu

Apitaye asubuhi katika vichochoro vya Tandika, Mbagala, Tandale au Mwananyamala hakosi kusikia sifa isiyo sifa. Mpangaji mmoja amepitiwa na zamu yake ya kufagia ua. Jirani hamgombezi, bali humwambia kwa sauti laini iliyovutwa: "Hongera, mama, ua wetu leo unang'aa!" Kila aliyepo anajua kwamba ua haujaguswa. Anayeambiwa anajua pia. Hucheka, akachukua ufagio.

Hicho ndicho kijembe, na jina lenyewe latueleza mengi, kwa kuwa kijembe ni wembe pia. Waingereza nao, kwa kejeli ya namna hii, wana neno lenye asili ya Kigiriki, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kurarua nyama. Watu wa mbali na watu wa hapa wametambua jambo moja: maneno matamu huweza kukata.

Hata hivyo hatuamini kwamba kijembe ni uovu mtupu. Nyumba nyingi za vitongoji hivyo zina vyumba vilivyotazamana, ukumbi katikati, na ua mmoja wa kupikia, kufulia na kuanikia kwa wapangaji wote. Watu waishio hivyo hawawezi kugombana waziwazi kila siku na bado wakapikia mahali pamoja. Kijembe huwapa njia ya katikati: kosa limesemwa, lakini mkosaji ameachiwa mlango wa kujifanya hakusikia. Khanga hufanya kazi hiyo hiyo. Mwanamke huvaa maneno yake akapita zake, na anayejihisi akiuliza, hujibiwa kwamba hilo ni vazi tu. Katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikishindana jijini kwa taarabu ya mipasho, kila upande ulirusha na kila upande ulirushiwa.

Hapo ndipo ilipo kanuni yenyewe. Kijembe ni halali baina ya watu wanaoweza kujibizana. Mashaka yetu yanaanza pale anayekitupa anapokuwa na mamlaka, na anayetupiwa hana budi kunyamaza.

Tulipata kumwona bibi mmoja, mkazi wa Mbagala, aliyeuliza mara ya pili ni dirisha gani linalomhusu. Karani alimjibu: "Karibu bibi, ofisi ni yako, ingia ukae kwenye kiti changu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi hakucheka, wala hakujibu, kwa sababu haja yake ilikuwa mikononi mwa yule aliyemcheka. Alizikunja karatasi zake akaondoka bila kuhudumiwa. Kondakta wa daladala naye, amwonapo mwanafunzi mwenye nauli yake ndogo, hupaza sauti: "Mpisheni tajiri apande!" Na mwalimu humwita "profesa" mtoto aliyekosea hesabu, darasa hucheka, na kesho yake mtoto yule hanyoshi tena mkono. Katika mifano yote hii hakuna mlango ulioachwa wazi. Kilichobaki ni fimbo iliyofungwa kwa kitambaa cha mzaha.

Wapo watakaosema kwamba huo ni utani tu, na sisi Watanzania tumezoea kutaniana. Tunawajibu kwamba utani wa jadi, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, una masharti. Mtani hutania na hutaniwa. Yeye afanyaye mzaha msibani ndiye pia ashikaye kazi za mazishi. Haki yake ya kucheka inakwenda na wajibu wa kusaidia. Karani aliyemcheka bibi alichukua haki, akauacha wajibu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wote walioketi nyuma ya madirisha, wanaosimama mbele ya madarasa na wanaoning'inia milangoni mwa daladala: kabla hujatupa kijembe, jiulize kama huyo aliye mbele yako anaweza kukirudisha. Ikiwa hawezi, mpe jibu la wazi, kwani hilo ndilo alilolifuata. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.