Dini, Mila na Fungu la Mjane

Simulizi za Wafipa huitaja Milanzi, karibu na Sumbawanga, kuwa kiti cha utawala wa kale wa Ufipa. Watwa walipotwaa madaraka, mtawala wa Milanzi hakuondolewa. Aliachiwa heshima yake katika mambo ya mila. Kumbe jipya laweza kuja juu, na la kale likaendelea kutawala chini yake. Ndivyo ilivyo katika dini pia, na mfano ulio wazi ni urithi miongoni mwa Waislamu wa nchi yetu.

Kurani, katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, yampa mwanamke haki ya kurithi wazazi na jamaa zake. Aya ya 11 yampa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Aya ya 12 yampa mjane robo, au sehemu moja ya nane ikiwa marehemu ameacha mtoto. Hata hivyo, mahakamani jamaa huweza kudai kwamba marehemu, ingawa Mwislamu, aliishi kwa kufuata mila ya kabila lake. Dai hilo likikubaliwa, mambo hugeuka. Kwa Sheria za Mila zilizotangazwa 1963, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutunzwa na watoto wake tu. Binti naye huwekwa daraja la mwisho. Hivyo mtu huzikwa kwa dini, akarithiwa kwa kabila.

Mchungaji asiseme, «Huo ndio Uislamu.» Hapa mjane hanyimwi na Kitabu, bali na wasiokifuata. Tena na tujitazame wenyewe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi. Shauri hilo lilitoka Buhaya, nchi yenye Wakristo wengi, Walutheri wakiwamo, ambao tangu zamani husoma habari za binti za Selofehadi (Hesabu 27).

Luther alifundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Fundisho hilo halituruhusu kuhesabu dhambi za jirani peke yake. Basi katika matanga ya Mwislamu, mchungaji na akae kama mfariji, si mwamuzi. Bali kwa washarika wake anao wajibu: awahimize kuandika wosia wangali hai, na asimame na mjane kabla ukoo haujagawana nyumba, shamba na ng'ombe.