Picha ya kitenge si kitenge

Mama wa sokoni Bwera anaona kwenye WhatsApp picha ya vitenge: "Waksi halisi, havichuji." Anatuma pesa kwa simu hadi Kasese. Mzigo ukifika, mteja wa kwanza anafua chake na rangi yote inabaki kwenye beseni.

Wengi hunyamaza wakidhani hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtaka anayeuza mtandaoni ataje jina lake kamili, mahali alipo, sifa za bidhaa, na bei yote pamoja na usafirishaji. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuvunja mapatano ndani ya siku 14 tangu apokee mzigo. Nayo Sheria ya Mikataba ya 2010 inamruhusu aliyekubali kwa kudanganywa kuukataa mkataba.

Kazi ni kumpata muuzaji, hasa akiwa ng'ambo ya Mpondwe, Kasindi, chini ya sheria za Kongo. Kwa hiyo uliza duka liko wapi kabla ya kutuma pesa, na usifute ujumbe, picha wala risiti ya malipo. Asiyetaja duka lake leo, kesho utamdai wapi?